Nyenje Waliogoma Kuimba

Nyenje wangu waligoma wiki ile ile ambayo kamati ilikuwa inakuja kuwasikiliza.

Naomba nieleweke. Sikuwa mwanafunzi wa kubabaisha. Mtu hawezi kuacha jua la kwao, akajifungia kwenye chumba kisicho na dirisha, katika nchi ambayo hata bomba la maji lina maelekezo ukutani, halafu akubali kushindwa na mdudu. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ulihusu wimbo wa nyenje na joto. Nyenje dume huimba kwa kusuguanisha mabawa. Ukimwongezea joto anaimba harakaharaka, ukimpunguzia anaimba kwa uvivu, kama mtoto aliyeitwa kuosha vyombo. Mimi nilitaka kujua kama nyenje aliyelelewa kwenye baridi anaweza kumfikia yule aliyelelewa kwenye joto. Ni swali zito. Wanaocheka wacheke, lakini wacheke mbali na mimi.

Mwishoni mwa mwaka wa pili, kila mwanafunzi wa idara yetu hukaguliwa, na si kwenye karatasi tu. Zamani kuna mwanafunzi aliwaletea rekodi tamu kabisa za vyura, kumbe alikuwa analia yeye mwenyewe bafuni. Tangu hapo kamati huja maabarani, huvuta viti, hukaa, na kumsikiliza mnyama kwa masikio yao wenyewe. Mnyama akilia, unaendelea na masomo. Mnyama akinyamaza, ufadhili unakatwa na unakatiwa tiketi ya kurudi kwenu.

Wangu walinyamaza.

Niliwakuta asubuhi wamekaa kwenye trei zao za mayai, ndani ya masanduku ya plastiki, wananitazama. Wazima wa afya. Nikawapa vipande vya karoti, wakala. Nikawapa pumba, wakala. Nikawasha taa za joto, wakasogea kuota kama wazee wa pensheni. Kuimba, hakuna. Kinasa sauti changu kilirekodi siku nzima ya wadudu wakitafuna.

"Labda wamechoka," alisema jirani yangu wa maabara. Huyu alitoka nchi nyingine kabisa, alikuwa anachunguza funza wa nyama iliyooza, na mimi nilimwita Malkia. Yeye aliniita Jogoo, kwa sababu alidai kwamba sijawahi kuingia mlangoni bila kutanguliza kifua.

"Nyenje hachoki kuimba. Kuimba ndiyo kazi yake."

"Hata wewe kazi yako ni kusoma, na jana nilikukuta umelalia kibodi."

Nilijaribu kila kitu. Nilipunguza taa, nikaongeza taa. Nilihamisha majike karibu, nikayahamisha mbali. Nilibadilisha karoti kwa tango. Mwishowe nikasimama katikati ya masanduku, nikavua koti jeupe ili wanione vizuri, na nikawatungia ubeti papo hapo:

*Enyi nyenje nawasihi, msinitie aibu,*
*Mliimba asubuhi, sasa mbona hamjibu?*
*Karoti hizi sahihi, na maji yapo karibu,*
*Imbeni japo kidogo, nipate shahada yangu.*

Kimya. Mmoja alijisaidia kwenye karoti.

"Jogoo," Malkia aliita kutoka chumba cha pili, "sijaelewa hata neno moja, lakini funza wangu wameacha kula."

Msimamizi wangu, Profesa, alikuja kusikiliza kimya hicho. Alikuwa mtu mrefu, wa mvi nadhifu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Aliweka sikio kwenye sanduku moja, akahamia la pili, akanyooka.

"Hawaimbi," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

"Kuna kitu umebadilisha."

"Hakuna, Profesa."

"Mdudu habadiliki bila sababu. Kuna kitu kilikuwepo na sasa hakipo. Kitafute kabla ya Ijumaa." Akaondoka, na korido nzima ikasikia viatu vyake vikinihurumia.

Hakuna nilichobadilisha, na niliapa hivyo kwa kila kitu. Joto lile lile, chakula kile kile, koti lile lile, hata doa lake lile lile. Kilichobadilika katika maisha yangu kilikuwa kimoja tu, na hakikuhusiana kabisa na sayansi. Mama alikuwa amenuna.

Mama alikuwa ananipigia kila asubuhi. Nami, kwa kuwa asubuhi ndio muda wa kulisha na mikono yangu yote inakuwa kwenye karoti, nilikuwa naweka simu rafuni na kumwacha azungumze kwa spika. Mama hasalimii kama watu wengine. Kwanza anakusalimia wewe, kisha usingizi wako, kisha kifua chako, kisha majirani zako, kisha wenye nyumba uliyopanga, halafu anarudi mwanzo kuhakikisha kwamba tangu aanze bado hujambo. Baada ya hapo ndipo habari zinaanza: nani kaolewa, nani kaachika, mbuzi wa nani kala kanga ya nani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia "ee" na "kumbe!" huku nikigawa karoti. Kwenye rekodi zangu sauti yake ilikuwa inaingia, lakini kompyuta ilikuwa na programu ya kuchuja sauti za watu. Kila siku nilikuwa namfuta Mama, nabaki na nyenje.

Sasa Jumapili akaniuliza, "Hivi mwanangu, huko unasomea nini hasa? Nikiulizwa nasema udaktari, lakini watu wanataka kujua udaktari wa nini."

"Wa nyenje, Mama."

Nikamsikia akivuta kiti na kukaa.

"Nyenje hawa hawa?"

"Hao hao."

"Umepanda ndege kwenda kusikiliza nyenje? Baba, si ungeniambia! Hapa nyuma ya choo wamejaa, wanatukosesha usingizi, na ni wa bure."

Nikawaka. Damu yangu ni ya petroli, nimezaliwa hivyo. Nikamwambia, "Mama, wewe hujui chochote kuhusu sayansi."

Maneno mengine ukiyatoa unayaona yanavyoondoka, unatamani kuyakimbilia uyashike mkia. Mama alipumua, akasema kwa upole unaotisha, "Sawa, daktari. Basi ninyamaze, nisije nikaiharibu." Akakata.

Tangu siku hiyo hakupiga. Na mimi, kwa kuwa nina kichwa kigumu, sikupiga pia.

Jumatano asubuhi nikiwa nalisha, simu ikalia. Nikaiweka spika. Alikuwa dada yangu mkubwa.

"We mtoto," alisema, "umemfanya nini Mama? Anazunguka nyumba nzima anapangusa vitu ambavyo havina vumbi."

"Mpe simu niongee naye."

"Mama! Huyu hapa mwanao!"

Kwa mbali, kutoka jikoni kwetu, nikasikia sauti kali: "Mwambie sipo! Mwambie nimekwenda kujifunza sayansi!"

Na maabara nzima ikalipuka.

Sanduku la kwanza, la pili, yote. Nyenje waliimba kana kwamba kila mmoja ana harusi yake. Wa joto waliimba, wa baridi waliimba, hata wale wachanga ambao hawajaota mabawa walikuwa wanatikisika kwa hamu. Mkono wangu ulibaki hewani na kipande cha karoti. Halafu Mama akanyamaza, na wao wakanyamaza.

"Dada," nikanong'ona. "Mwambie aseme tena."

"Aseme nini?"

"Chochote. Anitukane. Mchokoze!"

"Mama, mwanao anasema umtukane!"

"Mwambie matusi yangu si ya bure! Mimi si nyenje!"

Wakalipuka tena. Malkia alitokea mlangoni na koleo lenye funza, macho yamemtoka. "Ni nani huyo?" aliuliza.

"Mama yangu."

Akasikiliza, akayatazama masanduku, akaitazama simu, akanitazama mikono. Kisha akaanza kucheka hadi funza akaanguka.

"Jogoo, wewe uliwalisha na mama yako yupo hewani? Kila siku?"

"Kila siku."

"Tangu waanguliwe?"

"Tangu waanguliwe."

"Basi kwao mama yako ndiye karoti! Wakimsikia, wanajua chakula kinakuja, wanafurahi, wanaimba. Hukuwa unapima joto wewe. Ulikuwa unampima mama yako!"

Nilikaa chini. Mwaka mzima wa grafu, wa mistari mizuri inayopanda kama ngazi, na chini ya kila mstari alikuwepo Mama akieleza habari za mbuzi.

Akili ya kwanza iliyonijia ilikuwa ya mjanja: nitatumia rekodi. Nilikuwa na jumbe zake za sauti kwenye simu. Nikacheza mmoja, wakaimba. Nikaucheza tena, wakaimba kidogo. Mara ya tatu wakaimba wawili tu, tena kwa adabu. Mara ya nne hakuna aliyegeuka. Nikacheza mwingine, hali ikawa ile ile. Nyenje wangu walikuwa wanataka habari mpya. Walishazisikia zote hizo, mbuzi walishamjua, harusi walishaichoka. Kufikia jioni jumbe zote zilikuwa zimechakaa masikioni mwao, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Nikampigia dada. "Namhitaji Mama mwenyewe. Moja kwa moja. Mbele ya kamati."

"Ngoja nimwambie... Anasema yeye hajui chochote kuhusu sayansi."

"Mwambie naomba msamaha."

Nikasikia wakinong'onezana. Dada akarudi. "Anasema msamaha wa kupitia kwa mtu haupokelewi. Na anauliza, siku ulipomdharau ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Anasema afadhali. Kwa hiyo msamaha uutoe mbele za watu, uwe mzito kuliko kosa."

"Atakuwepo Ijumaa?"

"Simu atashika. Kuongea, hajasema."

Ijumaa waliingia wakiwa na vikombe vyao vya kahawa. Profesa, kisha Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo shingoni, kisha bwana mfupi wa takwimu ambaye hakuwahi kuamini kitu chochote maishani, hata kiti alichopewa, maana alikitikisa kwanza kabla ya kukikalia. Malkia alijibanza karibu na mlango, eti anatafuta glavu.

"Tunasikiliza," alisema Mwenyekiti.

Kimya. Nyenje walikuwa wanatazama mbele kama mashahidi waliohongwa.

"Nitahitaji kifaa kimoja," nikasema, nikaweka simu rafuni, nikapiga. Ikapokelewa. Upande wa pili nilisikia pumzi. Naijua pumzi ile. Ni pumzi ya mtu aliyekunja mikono.

"Shikamoo, Mama."

Hakuna jibu.

Ndugu msomaji, mtu anaweza kukunyima pesa, akakunyima mchumba, ukaishi. Lakini mama yako akikunyima "marahaba" wewe umesimama mbele ya watu umevaa koti jeupe, unajisikia kama umevuliwa suruali.

"Anafanya nini?" Bwana Takwimu alimuuliza Profesa.

"Anaandaa kifaa," alijibu Profesa, bila uhakika.

Nikatazama lile sanduku la mbele, nikamwona nyenje mmoja ameinua antena zake kuelekea rafu, anangoja. Na mimi nilikuwa nangoja. Kifua changu chote kile cha kutanguliza mlangoni kikashuka.

"Mama," nikasema, "nilikosea. Si kwa sababu ya nyenje. Hata wasipoimba nilikosea. Nilikujibu vibaya na wewe ulikuwa unaniuliza tu ili ujue cha kuwaambia watu. Nilikuwa naona aibu, kwa sababu hata mimi nikiulizwa nasomea nini, naanza kwa kukohoa. Nisamehe. Nimepungukiwa tangu Jumapili. Hakuna mtu aliyeniuliza nimelalaje."

Pumzi ikabadilika. Mikono ilikuwa inakunjuliwa.

"Wapo hao watu?" Mama aliuliza.

Ukuta ule wa masanduku ukatoa mlio mmoja mkali, kama filimbi ya refa. Mwenyekiti alimwaga kahawa.

"Wapo, Mama. Watatu."

"Wamesikia?"

"Wamesikia lakini hawaelewi lugha."

"Basi waeleze."

Nikawageukia wale wakubwa, na nikatafsiri msamaha wangu wote, neno kwa neno, mpaka kule kukohoa. Bwana Takwimu aliacha kuandika. Profesa aliangalia viatu vyake.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama. "Umelalaje?"

Hapo ndipo walipoimba! Waliimba hadi vioo vya kabati vikatetemeka. Mama akaendelea kama kawaida yake: kifua changu hakijambo, majirani hawajambo, wenye nyumba hawajambo? Akauliza ni wadudu gani hao wanaopiga kelele wakati watu wanasalimiana. Nikamwambia ndio wenyewe. "Maskini," akasema, "nao hawajambo?" Wakajibu wote.

"Anasema nini?" Mwenyekiti alipaza sauti juu ya makelele.

"Anawasalimia nyenje."

"Na sasa?"

"Anauliza kama Profesa anakula vizuri, maana amemsikia akikohoa."

Kwa kuwa uongo ulishaisha siku ile, nikawaeleza yote: karoti, spika, programu ya kuchuja sauti. Nikakiri kwamba grafu zangu za mwaka mzima hazifai kitu. Lakini, nikasema, na hapa kifua kikaanza kurudi chenyewe, nimegundua jambo lingine: nyenje anajifunza sauti ya mtu, anaisubiri, anaichoka ikirudiwa na anaifurahia ikiwa na habari mpya. Hilo mimi sijalisoma popote.

Mwenyekiti alivaa miwani. "Hata mimi," alisema taratibu.

"Subirini," alisema Bwana Takwimu. Nilijua atasema subirini. "Tutajuaje ni sauti ya mama huyu na si sauti ya mwanamke yeyote?"

Wakamwomba Mama anyamaze kidogo, jambo ambalo nililitafsiri kwa heshima kubwa sana. Mwenyekiti akainamia sanduku, akasoma kwa sauti ukurasa wa kanuni za mitihani. Kimya. Malkia akaacha kutafuta glavu, akawasalimia kwa lugha ya kwao, akawaimbia kidogo. Kimya.

"Haitoshi," alisema Bwana Takwimu. "Hawa wawili wanaongea na nyenje. Yule anaongea na mtoto wake. Pengine ni ule mlio wenyewe wa mama anapoongea na mtoto. Lazima tulinganishe na mama mwingine, anayeongea na mtoto wake mwenyewe. Nani ana mama wa karibu?"

Watu wazima wanne wakaanza kukagua sakafu. Mama wa Malkia kule alikuwa amelala, kwao ilikuwa usiku. Wa Mwenyekiti alishafariki. Bwana Takwimu alisema wake hapokei simu bila kuandikiwa kwanza.

"Mimi ninaye," alisema Profesa.

Sijawahi kumwona mtu wa mvi akigeuka kuwa na umri wa miaka minane. Alitoa simu yake, akafunga kifungo cha shingo, akapiga, akaiweka rafuni karibu na yangu. Ikapokelewa mara moja. Sauti kavu ya bibi kizee ikaanza, na hiyo haikuhitaji mkalimani. Kila aliyewahi kuzaliwa anaijua. Ilikuwa inauliza kwa nini leo, kuna nini, nani amekufa, na kama hakuna aliyekufa, mbona muda wote huo hukupiga? Profesa alikuwa anaitikia kwa vipande, mikono mgongoni.

Nyenje waliinua antena. Mmoja akakwaruza bawa, akasita. Bwana Takwimu aliinamia karatasi yake kama paka.

"Huyo nani anamgombeza mtu?" ilisema simu yangu.

"Mama, tulikuomba unyamaze..."

"Siwezi kunyamaza mtu anagombezwa. Ni nani?"

"Ni mama wa Profesa. Anamlaumu kwamba hapigi simu."

"Kumbe! Nisogeze hapo."

"Mama, huu ni utafiti."

"Nisogeze!"

Sikuwa na haja ya kumsogeza, simu zilikuwa zimegusana. Mama akapaza sauti, "Hujambo, mama mwenzangu! Wagombeze tu! Hata huyu wangu ni hivyo hivyo!" Bibi kizee akajibu kitu kirefu kwa lugha yake, kwa uchungu mwingi. Mama akasema, "Ee! Hapo umesema!" Hakuelewa hata silabi moja. Yule naye akaongeza, Mama naye akaongeza, na nyenje wote, wa joto na wa baridi, wakaingia katikati kwa nguvu kiasi kwamba kipimasauti changu kiliishia kuandika mstari ulionyooka juu kabisa ya kioo.

"Sasa wanamwimbia nani?" alilia Bwana Takwimu. "Wa huku au wa kule? Watenganisheni! Data yote inaharibika!"

Mwenyekiti alifunga faili lake. Ilibidi anisogelee hadi sikioni. "Umepita!" alipiga kelele. "Mada mpya, mwaka mmoja wa nyongeza, na unaanza upya na nyenje wapya! Sasa kata hizo simu!"

Nilimtazama Profesa. Profesa alinitazama mimi. Rafuni, bibi kizee alikuwa ameanza kulia kidogo, na Mama alikuwa anambembeleza, anamuuliza amelalaje.

Hakuna kati yetu aliyethubutu kunyoosha mkono.